Barua za Salme, na makaratasi yetu



Wakati tulikuwa tunaandikisha familia zilizorudi kutoka kambi ya Nyarugusu, tuliuliza kila nyumba kama kuna makaratasi ya zamani: barua, vipande, hati za parseli. Wengi walicheka. Baba mumoja alisema barua za kaka yake aliwashia moto wa jiko siku kuni zilikosekana. Hatukumulaumu. Lakini tukakumbuka mukimbizi mumoja wa zamani, ambaye makaratasi yake yanatunzwa paka leo katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi.

Jina lake Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Alizaliwa 1844. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma, kuandika, hapana. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mufupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ukamuletea matatizo: 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumupindua kaka yao Majid, huyu musichana ndiye aliandika barua za njama. Njama ikaanguka.

1866, akiwa na mimba ya mufanyabiashara Mujerumani, alikimbia kwa meli ya Waingereza paka Aden. Akabatizwa, akaolewa, akaenda Hamburg. 1870 bwana yake akafa kwa ajali ya tramu, akamuachia watoto watatu wadogo. Baridi, upweke, franga kukosekana: yote aliyaandika kwa Kijerumani, sawa barua kwa rafiki aliyebaki Zanzibar. Hakuzituma. Watoto wake walizikuta ndani ya vitu vyake alipokufa 1924.

Alirudi pia. 1885 alifika na manowari za Ujerumani kudai urithi. Aliyekuwa sultani sasa ni Barghash, yule yule aliyemuandikia barua za njama. Akakataa. 1888 Salme akajaribu tena, bure. Wamemba waliokuta watu wengine wanalima shamba lao hawahitaji tueleze zaidi.

Tusimufanye mutakatifu. Mali aliyodai ilitoka kwa biashara ya pembe na watumwa, na misafara ile ilifika kwetu Maniema, ikavuka ziwa paka Ujiji. Waliopita wamefungwa minyororo hawakuwa na karatasi wala sanduku. Salme alikuwa na mutoto wa kiume, Rudolph, aliyekusanya vitabu na makaratasi ya familia akayatoa Leiden mwaka 1937. Bila yeye tungekuwa na kitabu alichochapisha mama yake 1886 tu, na barua zile pengine zingepotea.

Siye hatuna Leiden. Tuna sanduku moja la chuma na telefone ya kupigia picha. Mwenye karatasi anarudi nayo nyumbani. Siye tunabaki na picha. Musiweke barua karibu na bati linalovuja, wala musizifunge kwa plastiki ingali na unyevu, juu zinaoza upesi.

Paka sasa nyumba chache tu zimeleta. Mama mumoja wa Baraka alileta barua saba za marehemu bwana yake kutoka kambini. Moja haijafunguliwa. Hajui kusoma, na hataki mutu amusomee. Tulipiga picha ya bahasha tu.