Jongoo wa Bamburi

Mtu wa Mombasa akisema twende Haller Park, anafikiria twiga, viboko na kobe wakubwa. Wachache wanakumbuka kwamba pale wanapotembea palikuwa shimo. Si shimo la mafumbo, msomaji, ni shimo hasa: machimbo ya mawe ya matumbawe yaliyolisha kiwanda cha saruji cha Bamburi tangu 1954. Udongo wa juu wote uliondolewa. Walichimba mpaka wakakaribia maji, na maji yenyewe yana chumvichumvi. Kilichobaki ni jiwe jeupe na jua.

Mwaka 1971, Mswisi mmoja, René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kampuni hiyo tangu 1959, alianza kupanda miti humo. Sasa upande nini juu ya jiwe? Bwana yule hakujifanya anajua. Alipanda aina 26 za miti, akangoja. Zikapona tatu: mvinje, mnazi, na damas, mti wa nchi za Somalia. Aina 23 zilikataa. Mimi hesabu hii naipenda kuliko twiga wote wa pale, kwa sababu inaonyesha kwamba aliyechagua si Haller. Aliyechagua ni lile shimo.

Mvinje ndio uliotia fora. Asili yake ni upande wa pili wa Bahari ya Hindi, lakini pwani yetu tumeshauzoea, tunaukata nguzo za kujengea. Majani yake ni kama sindano, hayapotezi maji ovyo. Chumvi unaivumilia. Na kwenye mizizi yake wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuufanya mti ujilishe penye njaa.

Basi msitu ukasimama. Lakini ulikuwa msitu bila udongo! Sindano zilianguka zikarundikana, wala hazikuoza, maana zina tanini nyingi na bakteria hawakuziweza. Hapo ndipo alipoingia jongoo, yule mdudu mwenye miguu myekundu ambaye watoto humgusa kwa kijiti ili ajikunje. Haller aliona kwamba anazila zile sindano. Akaleta jongoo kwa mamia, wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Juu ya mboji hiyo ndipo miti ya kienyeji ikapata pa kushika, mvule ukiwemo.

Huko Marekani, kwenye milima ya Appalachia, mambo yalikwenda kwa haraka zaidi. Sheria ya 1977 iliwataka wachimba makaa ya mawe warudishe ardhi katika hali nzuri na kuifunika kwa mimea. Wakaishindilia kwa matingatinga ili isiporomoke, kisha wakamwaga mchanganyiko wa mbegu za nyasi kali na mimea ya jamii ya kunde. Kukawa kijani upesi, na mkaguzi akaridhika. Kumbe nyasi zile ziliisonga miche ya miti, na mizizi haikuweza kupenya udongo mgumu. Miaka ikapita, milima iliyokuwa misitu ikabaki mbuga. Wataalamu wa huko baadaye walishauri kinyume chake: udongo uachwe tifutifu, na nyasi zipandwe chache, zile za upole.

Nayaandika haya kwa sababu ya Kwale. Mgodi wa titani wa huko ulifungwa Desemba 2024. Mchanga wa pale si jiwe la Bamburi, kwa hiyo huwezi kunakili tu mvinje na jongoo ukaenda zako. Na kuna familia zilizohamishwa kupisha mgodi. Ukimwuliza mkulima wa Kwale, atakutajia mnazi, mkorosho, mhogo. Ukimwuliza mtu wa misitu, atataja miti mingine kabisa. Mbegu za wote wawili haziwezi kuota mahali pamoja, na bado sijasikia nani atamwuliza nani kwanza.