Kutoka Askari Kanga hadi Polisi wa Taifa: Historia ya Uhamisho wa Askari Wazoefu Nchini Kenya kwa Ushahidi wa Maneno

Utangulizi

Mwezi wa Septemba mwaka 2018, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kuwahamisha askari 24,572 kutoka Polisi wa Utawala na kuwaingiza katika Polisi wa Kenya, ambao wakati huo walikuwa na askari 39,680 wa kazi za kawaida. Jumla yao ilikuwa iwe 64,252. Watu hawa hawakuwa makuruta. Wengi wao walikuwa wamekwisha kula chumvi nyingi kazini: walizijua bunduki, waliyajua magwaride, na walizijua njia za vijiji walivyokuwa wakivilinda. Kilichotakiwa kwao ni kuvua sare moja na kuvaa nyingine, kuacha amri ya mkuu mmoja na kutii ya mwingine.

Kwa mtazamo wa juu juu, jambo hili laweza kuonekana kuwa ni la makarani na washona nguo. Makala haya yanadai kinyume cha hivyo. Askari mzoefu hahami mikono mitupu, bali huhama na mazoea yake, na mazoea hayo hukaa kwanza katika maneno: namna anavyoitwa na raia, namna anavyopaita mahali pake pa kazi, na namna anavyomtaja bwana wake. Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha ana neno la kusema katika historia hii, naye hapaswi kumwachia mwanasheria peke yake. Nitajaribu kuonyesha kwamba tangazo la 2018 lilikuja baada ya mfululizo wa uhamisho wa aina hiyo, na kwamba kila mara Kiswahili kiliweka kumbukumbu ambayo hati rasmi aghalabu ziliificha.

Chimbuko la mapokeo mawili

Neno askari limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu wa jeshi. Katika Kiswahili neno hili lilipanuka likachukua kila mtu aliyepewa silaha au kirungu ili alinde mali au amri ya mwingine. Ndiyo maana tunaye askari wa vita, askari jela, askari wa usiku, na hata askari kanzu, yaani mpelelezi asiyevaa sare. Neno polisi, kwa upande wake, limetoka Kiingereza, nalo lilikuja pamoja na kituo, mashtaka na mahakama. Ni muhimu kuyashika maneno haya mawili tangu mwanzo, kwa sababu historia yetu yote imo katika nafasi iliyo baina yao.

Polisi wa Kenya walianzia pwani. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, iliweka walinzi wa maghala na biashara yake mjini Mombasa. Baada ya Uingereza kutangaza himaya yake mwaka 1895, ulinzi huo ulifuata njia ya reli kuelekea bara, na kufikia mwaka 1902 palikuwa na vikosi Mombasa, Nairobi na Kisumu. Wengi wa askari wa mwanzo walikuwa Wahindi, pamoja na Wasomali na Waswahili wachache. Mwaka 1906 sheria ilitungwa kuwapa msingi mmoja, na mwaka 1920, nchi ilipofanywa koloni, wakachukua jina la Kenya. Basi hata kikosi hiki tunachokiita cha asili kilizaliwa kwa kuunganisha watu waliokuwa wamezoea mabwana mbalimbali.

Kando ya mto huo palitiririka mto mwingine. Mwaka 1902 serikali ilitunga sheria ya wakuu wa vijiji, ambao baadaye tuliwajua kama machifu. Chifu alihitaji watu wa kumsaidia kudumisha amani, kuita watu barazani, kukusanya kodi na kuwapeleka vijana kazini. Wasaidizi hawa walikaa muda mrefu bila jina la kisheria la kwao wenyewe, hadi mwaka 1929 ilipotungwa sheria iliyowafanya kuwa polisi wa kabila. Wananchi waliwaita askari kanga. Kiswahili kina desturi ya kumpambanua askari kwa kile anachokivaa au anachokishika, kama tuonavyo katika askari kanzu na askari rungu, na jina hili likasimama katika safu hiyo. Ndani yake mna mzaha kidogo na hofu kidogo pia. Raia anamwita kwa jina la nguo ya nyumbani, au la ndege wa madoadoa, mtu ambaye alfajiri atabisha mlangoni kwake kudai kodi.

Tofauti ya mapokeo haya mawili haikuwa ya cheo tu. Polisi alikaa katika kituo, akaandika katika kitabu cha matukio, akampeleka mshtakiwa mbele ya hakimu. Askari kanga alikaa katika kambi ya chifu, na alipomkamata mtu, njia ya kawaida ilikuwa kumkabidhi kwa polisi. Kituo na kambi si maneno yanayolingana. Kituo ni mahali ambapo mwendo husimama, na mtu yeyote aweza kufika hapo na shida yake. Kambi ni mahali pa watu wa mtu fulani, na ndiyo maana husemwa kambi ya chifu, au kambi ya jeshi. Mmoja alikuwa mtumishi wa sheria, angalau katika maandishi. Mwingine alikuwa mkono wa utawala.

Uhamisho wa wakati wa Hali ya Hatari

Uhamisho wa pili wa kuzingatiwa ulitokea wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni iliunda walinzi wa nyumbani katika nchi ya Wagikuyu, ambao watu waliwaita homugadi. Walinzi hao walipovunjwa mwaka 1955, baadhi yao waliingizwa katika polisi wa kabila na akiba yake. Hapa ndipo neno uzoefu linapotakiwa kuulizwa kwa makini. Homugadi alikuwa mzoefu, hapana shaka. Lakini alikuwa mzoefu wa nini? Alikuwa amejifunza kazi yake katika vita baina ya majirani, ambamo mtu aliyekuwa akilindwa na mtu aliyekuwa akishukiwa waliweza kuwa ndugu wa baba mmoja. Kumwingiza mtu kama huyo katika kikosi cha kudumu bila ya kumfundisha upya kulikuwa ni kuingiza vita vile ndani ya kikosi.

Mwaka 1958, yaani miaka mitano kabla ya uhuru, polisi wa kabila walipewa jina jipya: Polisi wa Utawala. Badiliko hili lastahili kutazamwa na mtu wa lugha. Neno kabila lilikuwa limeanza kunuka, na lilikuwa lazima liondolewe. Lakini lililowekwa mahali pake halikuwa taifa, wala raia, wala sheria; lilikuwa utawala. Kwa maneno mengine, watu wale wale walibaki katika kambi zile zile, chini ya machifu wale wale, na jina lao sasa lilisema waziwazi kazi ambayo lile la kwanza lilikuwa limeificha. Serikali ya uhuru ililirithi jina hili mwaka 1963 na kulihifadhi.

Neno utumishi na neno taifa

Polisi wa Kenya, kwa upande wao, walikuwa na kauli mbiu ya Kiswahili: Utumishi kwa Wote. Ni ajabu kwamba kwa miaka mingi jina rasmi la Kiingereza la kikosi hiki lilikuwa na neno lenye maana ya nguvu au jeshi, hali kauli mbiu yake ilitangaza utumishi. Utumishi umetokana na kutumika, yaani kutumwa na kukubali kutumwa. Mtumishi ana bwana, na kauli ile inamtaja bwana huyo kuwa ni watu wote. Haiyumkini kusema kwamba askari waliitii kauli hiyo siku zote; wananchi wa Kenya wanayo mengi ya kushuhudia kinyume. Hata hivyo maneno yale yalikuwa ni deni lililoandikwa, na deni lililoandikwa laweza kudaiwa.

Lilidaiwa baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitoa ripoti yake mwaka 2008, na miongoni mwa mambo iliyoyalaumu ni jinsi askari wa Utawala walivyotumiwa katika siasa za uchaguzi ule. Tume hiyo ilipendekeza kikosi hicho kiunganishwe na Polisi wa Kenya. Jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley, lililofanya kazi yake mwaka 2009, lilichukua njia nyingine: vikosi viwili vibaki, lakini chini ya mkuu mmoja. Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilifuata rai hiyo. Ibara ya 243 iliunda Huduma ya Taifa ya Polisi yenye matawi mawili, nayo ibara ya 245 ikaweka Inspekta Mkuu na manaibu wake wawili, mmoja kwa kila tawi. Hapo ndipo maneno huduma na taifa yalipoingia katika jina lenyewe.

Lakini wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa miaka kadhaa mashinani palikuwa na makamanda wawili katika eneo moja, kila mmoja na watu wake, na raia hakujua ni nani wa kuulizwa mambo yanapoharibika. Tangazo la 2018 lilikuwa jaribio la kuondoa tatizo hilo. Polisi wa Utawala hawakufutwa, maana Katiba ingali ikiwataja. Walibakiziwa kazi maalumu kama ulinzi wa mipaka, ulinzi wa majengo muhimu na kupambana na wizi wa mifugo. Wale wa kazi za kawaida ndio waliovuka kwenda upande wa pili, na sare mpya ya buluu ikatolewa kuwa alama ya umoja.

Mzigo wa mzoefu

Tuseme basi mzoefu huyu alivuka na nini. Polisi wa Kenya wamefunzwa Kiganjo, naye amefunzwa Embakasi. Mwenzake amezoea kuandika maelezo ya shahidi na kusimama kizimbani kuhojiwa na wakili. Yeye amezoea baraza, mgogoro wa mpaka wa shamba na msafara wa mkuu wa wilaya. Ni rahisi kusema kwamba uzoefu wa kwanza ni bora na wa pili ni duni. Sikubaliani na rai hiyo. Askari aliyeketi miaka mingi karibu na baraza anajua jambo ambalo kitabu cha matukio hakilijui: nani amegombana na nani, tangu lini, na ni mzee yupi atakayesikilizwa. Elimu hiyo ni hazina. Machifu walipolalamika kwamba wameachwa bila askari, walikuwa wakieleza, pamoja na kupungukiwa na nguvu zao, hasara ya kweli.

Hatari imo katika sehemu nyingine ya mzigo huo, nayo ni mazoea ya kumtambua bwana. Katika Kiswahili cha mashinani, askari wa chifu aliitwa mtu wa serikali, na mara nyingine aliitwa serikali tu, kana kwamba yeye ndiye dola yenyewe iliyosimama mlangoni. Mtu aliyeitwa hivyo ujana wake wote huishia kuamini. Kumpa sare ya buluu hakumfundishi kwamba bwana wake sasa ni sheria.

Jirani zetu wanatupa funzo la upande wa pili. Huko Zanzibar, serikali iliyopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 iliwaachisha kazi polisi wengi wenye asili ya bara kwa kuwashuku. Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, miongoni mwa watu walioshiriki walikuwamo polisi hao walioachishwa, nao walizijua silaha na mahali zilipowekwa. Miezi michache baadaye, Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulilifanya suala la polisi kuwa jambo la Muungano, na hadi leo jina rasmi huko ni Jeshi la Polisi. Mafunzo ni mawili. Kwanza, mzoefu anayefukuzwa huondoka na uzoefu wake, na huenda akautumia dhidi ya aliyemfukuza. Pili, chombo chaweza kuwa kimoja na cha taifa na bado kikaendelea kujiita jeshi. Umoja na utumishi ni mambo mawili mbalimbali.

Hitimisho

Tumeona kwamba mara nne katika historia ya Kenya askari waliokwisha kuzoea kazi walihamishwa chini ya jina jipya: mwanzoni mwa karne ya 20, mwaka 1955, mwaka 1958 na mwaka 2018. Katika mara zile za kwanza jina lilibadilika na bwana akabaki. Hii ya mwisho ndiyo pekee iliyonuia kumbadilisha bwana mwenyewe, kutoka utawala kwenda sheria, na kwa hiyo ndiyo nzito kuliko zote.

Iwapo uhamisho huo umefaulu, ishara yake haitaonekana katika rangi ya nguo. Yatupasa sisi watu wa lugha tutege sikio vijijini. Siku raia aliyeibiwa ng'ombe atakaposema, bila kusitasita, kwamba anakwenda kituoni kwa askari wake, na wala si kambini kwa watu wa serikali, tutajua kwamba watu wale 24,572 wamekwisha kuvuka.