Kivuli cha Barabarani: Miti ya Kigali na Matembezi ya Wazee

Wahenga walisema: mwenda pole hajikwai. Hata hivyo, mzee wa mjini aendaye pole hukabiliwa na jua la mchana lisilo na kizuizi, njia ya miguu iliyobomoka, na mlima mrefu usio na mahali pa kupumzikia. Akishindwa kutembea hubaki nyumbani. Na akibaki nyumbani miguu hudhoofika, majirani humsahau na maradhi humwandama. Historia ya jiji la Kigali, mji mkuu wa Rwanda, inatufundisha kwamba miti ya barabarani si pambo tu, bali ni haki ya raia mzee.

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, ikiwa kituo cha utawala wa kikoloni. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, mji huo ulikuwa na wakazi wapatao 6,000 tu. Katika mji mdogo namna hiyo, mashamba na migomba havikuwa mbali na milango ya watu, na kutembea hakukuhitaji sera ya serikali. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya 1,700,000. Palipokuwa na vichaka pamejengwa nyumba, na vijia vingi vimekuwa barabara za lami.

Katika safari hiyo, wananchi wenyewe walishika majembe. Neno umuganda, kwa Kinyarwanda, lilikuwa na maana ya miti ya kujengea nyumba. Baadaye likawa jina la kazi ya pamoja. Mwaka 1974 serikali iliufanya umuganda kuwa mpango wa taifa, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupanda miti na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, umuganda ulirejeshwa, kisha ukawekewa sheria mwaka 2007. Hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na huwahusu wenye umri wa miaka 18 hadi 65.

Tuutafakari umri huo. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1974 sasa amekwisha kuvuka 65. Sheria haimdai tena jembe. Je, jiji linamlipa nini yeye aliyepanda? Malipo yaliyo karibu zaidi na haki ni kivuli.

Jiji limechukua hatua za kusifiwa. Mwaka 2015 barabara moja ya katikati ya jiji ilifungwa kwa magari. Leo, ikiitwa Imbuga City Walk, ina miti na viti. Mwaka 2016 ilianza Siku Bila Magari, ambapo asubuhi ya Jumapili barabara kadhaa huachiwa watu watembee, wakimbie na kufanya mazoezi, na hupimwa shinikizo la damu na sukari. Mwaka 2022 ilifunguliwa bustani ya Nyandungu, iliyokuwa ardhi oevu iliyoharibika, yenye hekta zipatazo 121 na njia za kutembea na kuendesha baiskeli.

Lakini afya ya mzee haijengwi kwa Jumapili peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima, wakiwemo wenye miaka 65 na kuendelea, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Wazee wanashauriwa pia kufanya mazoezi ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi kwa wiki ili wasianguke. Bustani iliyo mbali, tena yenye kiingilio, haiwezi kubeba mzigo huo. Mzee hutembea akienda sokoni, kanisani, msikitini, zahanati au kwa jirani. Hiyo ndiyo bustani yake.

Huko Hong Kong, watafiti walitumia picha za mitaa kupima kiasi cha kijani anachokiona mtembea kwa miguu. Walikuta kwamba penye kijani zaidi, wazee huelekea kutembea zaidi. Haya hayashangazi: mti hupunguza joto la jua na kuifanya njia ipendeze, na penye kivuli watu huketi, huamkiana, na mzee hupata sababu ya kutoka.

Basi, ndugu msomaji, mtaa wako ukitaka kupanua barabara, uliza kabla ya shoka kuinuliwa: ni miti mingapi itaondoka, na mingine itapandwa wapi? Omba viti njiani, hasa penye mlima. Siku ya kazi za pamoja, panda mti kando ya njia ya zahanati, kisha uumwagilie maji mpaka ushike mizizi. Mti huchukua miaka mingi kutoa kivuli cha kutosha, na uzee haungoji. Anayeupanda leo anamtunza babu wa jirani, naye mwenyewe anajiwekea akiba.