Historia ya Vitu, Sehemu ya 9: Yule mama aliyeinama mbele ya Rolls-Royce

Haya mama zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, tuendelee.

Wiki iliyopita tulimaliza historia ya vigari vya kusukumia watoto. Mmoja wenu akanitania, "Nesi, vigari tumemaliza, magari lini?" Nikacheka tu. Lakini juzi zamu ya usiku, kwenye saa tisa hivi, mwenzangu akanionyesha video ya Rolls-Royce ambayo dari yake ndani ina nyota. Yaani dari imetobolewa vitundu vidogo mamia kwa mamia, kila kimoja kimepitishwa uzi wa taa kwa mkono. Na ukitaka, unawaambia nyota zako zipangwe kama zilivyokuwa angani tarehe fulani. Kwa mfano usiku aliozaliwa mwanao.

Mwenzangu akasema, "Mimi wangu nilimshonea jina kwenye shuka basi." Tukacheka, ila nikaanza kusoma habari za gari hizi, na nilikoishia sikutegemea kabisa. Nimeishia kwa mama mmoja na mtoto wake wa kike.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1904, Manchester, Uingereza, fundi Henry Royce alikutana na Charles Rolls. Rolls alikuwa mtoto wa tajiri, anauza magari London. Royce utotoni aliwahi kuuza magazeti ili ale. Wakakubaliana: wewe tengeneza, mimi nauza. Mtu wa tatu ni Claude Johnson, meneja, ambaye hatajwi sana ila ndiye aliyelifanya jina lile liwe jina. Mkumbukeni huyu, atarudi.

Sasa kitu ambacho mimi sikukijua: enzi hizo hukununua gari zima. Kiwanda kilikuuzia chasisi, yaani fremu, injini na magurudumu. Bodi unaitafuta mwenyewe kwa mafundi kama Barker au Hooper, ambao kazi yao ya asili ilikuwa mabodi ya magari ya kukokotwa na farasi. Ni sawasawa na sisi tunavyonunua kitenge dukani halafu tunampelekea fundi cherehani. Fundi anakupima, mnakubaliana mtindo, rangi, viti vya ngozi au vya kitambaa. Mwenye kofia ndefu anataka paa liinuliwe. Kwa hiyo magari mawili ya mwaka mmoja, injini moja, yangeweza yasifanane hata kidogo. Utaratibu huu uliendelea mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndipo kiwanda kikaanza kuuza gari likiwa na bodi yake.

Sasa mtu akishapewa uhuru wa kupamba, anapamba kweli! Wenye magari wakaanza kubandika visanamu mbele, juu ya kifuniko cha rejeta. Vingine vya kuchekesha, vingine vya kujitafutia bahati. Mnaopanda daladala mnaelewa, ile mtu anaandika nyuma ya gari lake maneno ya kumjibu jirani. Claude Johnson hakupendezwa. Gari limeundwa kwa ustadi wote ule, halafu mbele limewekewa kichekesho!

Kulikuwa na bwana mmoja ambaye kisanamu chake kilikuwa tofauti. Huyu ni John Montagu, Lord Montagu wa Beaulieu, mpenzi mkubwa wa magari na mwenye gazeti la magari lililoitwa The Car Illustrated. Alimwomba mchongaji Charles Sykes, aliyekuwa anachora kwenye gazeti hilo hilo, amtengenezee kisanamu cha Rolls-Royce yake mwenyewe. Sykes akachonga mwanamke, nguo inapepea, kidole kimewekwa mdomoni. Kikaitwa The Whisper, yaani mnong'ono.

Mwanamke mwenyewe alikuwa Eleanor Thornton, sekretari wa Montagu pale gazetini.

Na mama zangu, naona mshaelewa. Montagu alikuwa na mke wa ndoa, Lady Cecil. Eleanor alikuwa sekretari, na alikuwa zaidi ya sekretari. Mwaka 1903 akamzaalia mtoto wa kike, Joan. Uingereza ya wakati ule, msichana wa ofisini kuzaa na lord mwenye mke ni kazi kwisha, jina kwisha. Mtoto akapelekwa kulelewa na watu wengine. Eleanor akarudi kazini.

Hapa niliweka simu chini kidogo.

Wanaosoma habari hii upande wa magari wanapita hapo kwa sentensi moja, "walikuwa na mtoto wa siri", wanaendelea na injini. Mimi nimekaa wodi ya wazazi miaka kadhaa, siwezi kupita haraka hivyo. Najua mama aliyejifungua juzi anakuwaje. Maziwa hayajui kwamba mtoto hayupo, yanakuja tu siku ya tatu, yanajaa, kifua kinakuwa cha moto, nguo zinalowa. Halafu mtu huyo aende ofisini akapige chapa barua za bwana? Sijui alikaa nyumbani siku ngapi, ila mwili wa Eleanor haukuwa tofauti na wetu.

Nimewahi pia kumwandikishia msichana mmoja kadi ya mtoto. Nilipofika jina la baba akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini sana, "Dada, hapo paruke." Nikaparuka. Sikumuuliza, na wala nyie msiwe mnauliza wenzenu mkiwa foleni ya kliniki. Nilipoona picha ya ile The Whisper na kidole chake mdomoni, nilimkumbuka yeye.

Turudi kwa Johnson. Alipotaka kukomesha vile vichekesho, aliamua kampuni iwe na sanamu moja rasmi, nzuri, ili mteja asihangaike kutafuta ya kwake. Akamwita huyo huyo Sykes. Mapema mwaka 1911 kazi ikawa tayari: mwanamke ameinama mbele kama anayetaka kuruka, mikono nyuma, nguo inapepea mpaka inaonekana mabawa. Ndiye Spirit of Ecstasy mnayemwona mpaka leo. Wengi wanasema ni Eleanor tena. Wapo wanaobisha, wengine wanasema Sykes alimfikiria mama yake mzazi. Kwa The Whisper hakuna ubishi, ni yeye. Kwa huyu wa pili, mimi ukiniuliza nakubaliana na wengi, ila siapi.

Kitu cha kuchekesha, Royce mwenyewe hakuipenda sanamu. Alisema inamziba dereva asione mbele. Fundi ni fundi tu.

Ikaja Vita vya Kwanza. Desemba 1915 Montagu alikuwa anakwenda India kwa kazi ya serikali kuhusu usafiri wa magari ya jeshi, na Eleanor akaongozana naye kama sekretari. Walipanda meli ya SS Persia. Tarehe 30 Desemba, karibu na kisiwa cha Crete, nyambizi ya Wajerumani ikaipiga meli. Ilizama kwa dakika chache sana. Watu zaidi ya 300 walikufa. Inasemekana Montagu alikuwa amemshika Eleanor, maji yakawatenganisha. Yeye alikuwa amevaa fulana ya kujaza hewa, akaibuka, akakaa mashuani zaidi ya saa 30 mpaka wakaokolewa. Aliporudi Uingereza akakuta magazeti yameshaandika tanzia yake, akaisoma mwenyewe.

Eleanor hakuonekana tena. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, umri wangu mimi. Joan alikuwa na miaka 12.

Kuna watu wanaiona hii kama hadithi ya mapenzi, na filamu nzuri ingetoka humo. Mimi nawaza yule mtoto. Baba yake alimweka mama yake mbele ya gari, barabarani, kila mtu amwone. Mtoto ndiye aliyefichwa.

Leo magari hayo yanatengenezwa Goodwood, kusini mwa Uingereza, tangu 2003, chini ya BMW ya Ujerumani. Na ule mtindo wa kupeleka kitambaa kwa fundi umerudi, safari hii fundi yuko ndani ya kiwanda. Rangi ziko 44,000 za kuchagua, na zisipokutosha unatengenezewa ya kwako. Wapo walioleta rangi ya mdomo wakasema gari lifanane na hii. Ule mstari mwembamba wa ubavuni unachorwa kwa mkono na brashi, hakuna mashine. Mwaka 2021 walitoa aina moja, Boat Tail, yakapangwa matatu tu dunia nzima.

Eleanor naye anatengenezwa utakavyo, wa chuma kisichoshika kutu au aliyepakwa dhahabu. Ila kwenye magari ya siku hizi huwezi kumng'oa. Ukimgusa vibaya anazama ndani ya boneti, kifuniko kinajifunga juu yake.

Nimemwonyesha mwenzangu hiyo nayo. Akaniuliza, "Na yule binti alikulia wapi?" Nikamwambia kwa watu. Kisha kengele ikalia, chumba cha kujifungulia, tukaenda wote wawili.

Wiki ijayo ni chupa za maziwa, niliwaahidi.