Bustani ya Wanyama ya Entebbe

Bustani ya wanyama ya Entebbe, ambayo jina lake rasmi ni Kituo cha Elimu ya Uhifadhi wa Wanyamapori cha Uganda na hujulikana kwa kifupi kama UWEC, ni taasisi ya umma iliyo kando ya Ziwa Viktoria, takriban kilomita 40 kutoka katikati ya Kampala. Kwa wakazi wa jiji hilo, ndiyo mahali pa karibu pa kumwona simba, twiga au sokwe. Kituo hupokea wanyama waliojeruhiwa, waliobaki yatima au waliokamatwa mikononi mwa wachuuzi. Huwatibu, huwarudisha porini wale wanaoweza kurudi na kuwatunza wasioweza, huku kikiwafundisha wananchi, hasa wanafunzi, kwa nini wanyama hao walifika hapo.

Historia

Kituo kilianzishwa mwaka 1952 na serikali ya kikoloni. Wakati huo Entebbe ilikuwa makao ya utawala, na lengo lilikuwa kulea wanyama wachanga waliookotwa bila mama zao. Katika miaka ya 1960 mahali hapo paligeuzwa kuwa bustani ya maonyesho ya kawaida, wakaletwa hata dubu na chui-milia, wanyama ambao hawajawahi kuishi katika misitu ya Uganda.

Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa ya msukosuko wa kisiasa. Ujangili ulipamba moto katika hifadhi za taifa, na tembo na vifaru wakauawa kwa wingi. Mwaka 1994 bustani iliundwa upya kama amana ya elimu ya wanyamapori, kwa msaada wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori la New York. Mkazo ukahamia kwa wanyama wa Uganda yenyewe, nao wakapangwa kwa kufuata mazingira yao: savana, msitu na kinamasi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1996, ilianzishwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, inayosimamia hifadhi na kupambana na majangili. Tangu hapo wengi wa wanyama wanaokamatwa na askari wa UWA hupelekwa Entebbe. Sheria ya mwaka 2015 ilikipa kituo hadhi ya shirika la umma.

Uokoaji na tiba

Mnyama mgeni hawekwi moja kwa moja pamoja na wenzake. Huanza karantini, ambako hupimwa magonjwa, minyoo na majeraha. Kwa sokwe hatua hii ni ya lazima kabisa, kwa kuwa wanaambukizwa mafua, kifua kikuu na magonjwa mengine ya binadamu. Mtoto wa sokwe porini hunyonya na kubebwa na mama yake kwa miaka kadhaa, na anapofika kituoni kwa kawaida mama huyo ameshauawa. Kwa hiyo mtunzaji humnywesha maziwa kwa chupa na kumbeba kifuani mchana kutwa, kwa sababu mtoto asiye na wa kumshikilia hukataa kula na anaweza kufa hata kama hana jeraha. Baadaye huanza kazi ndefu ya kumzoesha kundi la sokwe wenzake, ajifunze kwao adabu na ngazi za utawala.

Kakakuona huhitaji utaratibu mwingine kabisa. Hana meno, chakula chake ni siafu, sisimizi na mchwa, na huteseka sana akifungiwa. Njia bora ni kumtibu haraka, kumtembeza kwenye vichuguu ajitafutie chakula mwenyewe, kisha kumwachia mahali salama mapema iwezekanavyo. Kasuku wa kijivu huletwa wakiwa wamebanwa kwenye masanduku, wengine wakiwa wamekatwa manyoya ya mabawa, na hulazimika kusubiri hadi manyoya yaote upya kabla ya kuruka tena.

Sokwe aliyejulikana kuliko wote kituoni alikuwa Zakayo, aliyezaliwa mwaka 1964 na kufa Aprili 2018 akiwa na umri wa miaka 54. Alikaa Entebbe miongo kadhaa, akiwapokea watoto na baadaye watoto wa watoto hao.

Kwa sokwe wengi yatima, porini hakuna njia ya kurudi: hawajui kutafuta chakula, na sokwe wa msituni huwashambulia wageni. Ndiyo sababu mwaka 1998 kilianzishwa kituo cha kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Viktoria, UWEC ikiwa miongoni mwa washirika waanzilishi. Kwenye ekari 100 hivi za msitu, sokwe hao hushinda mitini na kuishi katika kundi lao, japo bado hulishwa na binadamu.

Kurejesha spishi zilizotoweka

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kifaru wa mwisho wa porini aliuawa Uganda, na nchi ikabaki bila hata mmoja. Desemba 2001 vifaru weupe wawili, Kabira na Sherino, waliletwa Entebbe kutoka shamba la Solio nchini Kenya. Kwa mara ya kwanza, vijana wa Uganda waliozaliwa baada ya maangamizi hayo walimwona kifaru kwa macho yao katika nchi yao. Mwaka 2005 wengine wanne kutoka Solio walipelekwa hifadhi ya vifaru ya Ziwa, wilayani Nakasongola, na mwaka uliofuata wakaongezwa wawili kutoka bustani ya Disney huko Florida. Ndama wa kwanza alizaliwa Ziwa mwaka 2009, na leo kundi hilo limezidi vifaru 40.

Afrika Mashariki ina mfano mwingine wa bustani kuokoa spishi nzima. Vyura wa Kihansi wa Tanzania, wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai, waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya bonde moja tu. Bwawa la umeme lilipopunguza maji mwaka 2000, karibu vyura 500 walipelekwa bustani ya Bronx jijini New York. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini, lakini kizazi cha wale waliohifadhiwa kilirudishwa bondeni mwaka 2012.

Kazi ya elimu

Mtoto wa Kampala anaweza kumaliza shule bila kufika hifadhi za Murchison Falls au Kidepo, kwa sababu ya umbali na gharama. Basi la shule huweza kumfikisha Entebbe na kumrudisha siku hiyohiyo. Wageni wengi wa kituo ni wanafunzi.

Elimu hiyo haianzi patupu. Kila ukoo wa Buganda una muziro, mnyama, samaki au mmea ambao wanaukoo hawali: Ngonge ni fisi-maji, Nkima ni tumbili, Mpologoma ni simba. Mtoto anayejitambulisha kwa ukoo wake tayari ana mnyama wa kumtetea, na mwalimu mzuri huanzia hapo.

Mfano wa karibu wa jinsi mtazamo wa watu kwa mnyama unavyoweza kubadilika ni korongo-nyangumi. Ndege huyu mwenye mdomo mpana hula kamongo, na kwa kawaida hulea kifaranga mmoja tu, hivyo wizi wa vifaranga humwumiza vibaya. Kwenye kinamasi cha Mabamba, karibu na Entebbe, wavuvi waliwahi kumwua wakiamini kuwa kumwona ni mkosi wa kukosa samaki. Siku hizi wenyeji wa Mabamba huwapakia watalii kwenye mitumbwi wakamtafute ndege huyohuyo, na ndege aliye hai huwaletea riziki.

Mipaka ya bustani

Bustani haiwezi kuchukua nafasi ya pori. Oman ilithibitisha hilo. Choroa wa Uarabuni, aliyetoweka porini mwaka 1972, alirudishwa Jiddat al-Harasis mwaka 1982 kutokana na kundi lililofugwa Phoenix, Marekani. Majangili wakarudi katika miaka ya 1990, eneo la hifadhi likapunguzwa kwa sehemu kubwa, na mwaka 2007 UNESCO ikaliondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nchini Uganda, Aprili 2018 simba 11, wanane wakiwa watoto, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na Hamukungu katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Hakuna daktari wa Entebbe ambaye angeweza kufika kabla ya sumu.

Korongo taji, ndege aliye kwenye bendera ya Uganda, hutaga katika vinamasi, na vinamasi vinavyoizunguka Kampala vinajazwa udongo kwa ajili ya nyumba, viwanda na mashamba. Kituo kinaweza kumtunza aliyevunjika bawa hadi apone. Kumpatia mahali pa kutaga ni kazi ya wanaogawa viwanja, wanaotekeleza sheria ya mazingira na wananchi wanaoidai itekelezwe, wakiwemo waliowahi kwenda Entebbe na basi la shule. Pasipo vinamasi, misitu na askari wa hifadhi wanaolipwa vizuri, kituo kitaendelea kupokea yatima wasio na pa kurudi.