Nasaba za Waswahili wa Buyenzi na Namna ya Kuzitafiti

Katika masomo ya historia yanayofundishwa shuleni, majina yanayotajwa aghalabu ni ya wafalme, magavana na marais. Mwanafunzi wa Bujumbura anaweza kuwataja Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa kwa mpangilio wao, lakini ukimwuliza jina la babu wa babu yake atanyamaza, na pengine atacheka kwa haya. Jambo hili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko walimu wengine, kwa sababu lugha tunayoifundisha haikuletwa mjini hapa na vitabu. Ililetwa na watu: wachuuzi, wapagazi, askari, mafundi, wanawake walioolewa na wanawake waliotekwa, ambao wajukuu na vitukuu vyao wangali wanaishi mtaa wa Buyenzi. Anayetaka kujua Kiswahili kilifikaje katika ukingo huu wa Ziwa Tanganyika hana budi kuzijua koo zilizokileta.

Kwa ajili hiyo baadhi yetu walimu tumekuwa tukikutana na wazee wa mtaa huo katika kikao kidogo cha nasaba, kisicho na katiba wala mhuri. Kila mmoja huleta habari za ukoo wake, na wenzake huziuliza maswali. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wasomaji wetu yale tuliyojifunza humo, hasa mintarafu ya jambo moja ambalo hatukulitazamia tulipoanza: kwamba orodha ya mababu haikutungwa ili kuhifadhi habari tu, bali ilitungwa ifanye kazi fulani, na mtafiti asiyeijua kazi hiyo atapotezwa na orodha yenyewe.

Yafaa kwanza tukumbuke historia kwa ufupi. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa kituo kikubwa cha biashara ya pembe na watumwa, na huko alikaa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza. Huyu alijaribu kuiingia nchi ya Burundi kwa silaha, lakini Mwami Mwezi Gisabo na watu wake wakamzuia, hata wafanyabiashara wakabaki pwani ya ziwa, Rumonge na Uzige. Mwishoni mwa karne hiyo Wadachi waliweka kituo cha kijeshi Usumbura. Askari wao na makarani wao walizungumza Kiswahili, na Kiswahili kikawa lugha ya boma. Mwaka 1916 Wabelgiji waliitwaa nchi, Usumbura ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi, na mwaka 1925 utawala wake ukaunganishwa na ule wa Kongo. Tangu hapo meli na barabara zilileta watu kutoka ng'ambo ya ziwa kwa wingi zaidi. Wabelgiji walipoupanga mji waliwatengea Waafrika mitaa yao, na Buyenzi, wenye barabara zake zilizonyoka na kupewa nambari, ukawa ndio mtaa wa Waswahili.

Ilipofika tarehe 1 Julai 1962, siku ya uhuru, wengi wa watu hawa walihesabiwa kuwa wageni, ingawa baba zao walizaliwa Usumbura. Kwao swali la "babu yako alitoka wapi?" halikuwa la kupitisha wakati barazani. Liliulizwa ofisini, na jibu lake lilikuwa na matokeo. Basi mtu asishangae akisikia katika ukoo mmoja kaka anasema babu alitoka Ujiji, na mdogo wake anasema babu huyohuyo alizaliwa Rumonge. Si lazima mmoja wao awe mwongo. Huenda kila mmoja alifundishwa jibu lililofaa kwa wakati wake.

Kanuni ya kwanza tuliyojiwekea ni kwamba mtu aanze na yeye mwenyewe, apande kwa wazazi wake, kisha kwa wazazi wa wazazi, wala asiruke ngazi. Wanaoanza na babu mashuhuri na kushuka kuja kwao hawakosi kufika, maana njia ya kwenda kwenye utukufu haina mwiba. Tuliwahi kupata orodha tatu zilizomfikisha mwenyewe kwa Mwarabu mkubwa wa Ujiji, na katika zote tatu kizazi kilichounganisha kilikuwa hakina mke, hakina mji, wala hakina kaburi.

Lugha yetu, tukiichunguza, ina utajiri wa ajabu katika kushuka: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Katika kupanda tunaishia mapema, kwa baba na babu, kisha tunaanza kusema "babu wa babu" kama watu wanaohesabu mawe. Wanafunzi hulipenda sana somo hili. Mwalimu akiwapa kazi ya kujaza majina juu ya maneno haya, watakuwa wamejifunza msamiati na watakuwa wameanza utafiti, bila kujua kwamba wamefanya mambo mawili.

Majina yenyewe yanahitaji hadhari. Kwa desturi ya Warundi mtoto hapewi jina la baba yake. Hupewa lake mwenyewe, linaloeleza hali ya kuzaliwa kwake au imani ya wazazi. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, na anayewafuata huitwa Ciza. Kwa hiyo ndugu watano wa tumbo moja waweza kuwa na majina matano yasiyofanana, lakini majina hayo humwambia mtafiti kwamba walikuwapo wengine kabla yao. Akiandika "Minani" na kukuta ndugu wawili tu, ajue kuna watoto watano ambao hakuna aliyewataja.

Waswahili wa Buyenzi wana utaratibu mwingine. Mtu ni Hamisi bin Juma, na mwanawe ni Saidi bin Hamisi. Karani aliyezoea jina la ukoo kama la Wazungu alimwandika wa kwanza kwa jina la Juma na wa pili kwa jina la Hamisi, na hivyo jina la "ukoo" likabadilika kila kizazi. Anayetafuta katika daftari jina moja la kudumu atadhani ni koo mbalimbali. Hata mapacha hutoa dalili. Hasani na Huseni ni majina ya Waislamu popote walipo, lakini Kulwa na Doto ni majina ya Wanyamwezi na Wasukuma, na yakitokea katika ukoo wa Buyenzi hutufanya tuulize kama hapakuwa na mpagazi au askari kutoka Tabora. Tunasema "tuulize" tu, kwa sababu majina husafiri pia bila wenyewe.

Tena kuna neno "Mmanyema", ambalo limekuwa kama mlango uliofungwa. Wazee wengi, wakishafika kizazi cha tatu, husema, "Sisi ni Wamanyema," wakanyamaza. Lakini Manyema si kabila moja. Ni jina la nchi iliyo magharibi ya ziwa, na chini ya jina hilo waliingia Wabangubangu, Wakusu, Wagoma, Wabwari, Wabembe na wengineo. Swali linalofuata ni "Mmanyema wa wapi?", na mara nyingi jibu huja kwa njia ya upande, katika jina la chakula, katika wimbo wa kubembeleza mtoto, au katika neno ambalo bibi hulitumia akikasirika. Mwalimu wa lugha anayo masikio ya kuyasikia mambo haya, na kwa hakika hapa ndipo anapomzidi mwanahistoria.

Sasa tufike kwenye jambo lililotushughulisha zaidi ya yote. Nasaba ya Kiswahili, kama ile ya Kiarabu iliyoifundisha, hupita kwa baba: fulani bin fulani bin fulani. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria, bwana akimkubali, ni huru na hurithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Hukumu hii ilikuwa na rehema ndani yake, kwani ilimwokoa mtoto. Lakini ilimfuta mama. Mwanamke aliyetekwa Manyema, akavushwa ziwa na kuzaa watoto Ujiji au Usumbura, hana mahali pa kuandikwa katika orodha hiyo, ilhali ndiye aliyewafundisha watoto kusema. Vivyo hivyo mtumwa aliyeachwa huru aliweza kuingizwa katika ukoo wa bwana wake na kubeba jina lake, na baada ya vizazi viwili hakuna anayeuliza. Watu wa misafara walijiita waungwana, na neno hilo liliwafunika wote waliotaka kufunikwa.

Siku moja mwalimu kijana katika kikao chetu alimwuliza bibi mmoja mwenye umri mkubwa: "Bibi, mama yake babu yenu aliitwa nani?" Yule bibi akafikiri, akajibu: "Tulimwita Mama Mkubwa. Jina lake hatukuambiwa, mwanangu. Tuliambiwa tusiulize." Kijana akataka kuendelea, na mzee mmoja akamgusa bega. Baadaye walijadiliana kwa muda mrefu. Mzee alisema kumtaja mtu kwa utumwa ni kumvunjia heshima yeye na wajukuu wake. Kijana alisema kutomtaja kabisa ni kumtupa mara ya pili. Kikao hakikukata shauri, na sisi wenyewe hatuafikiani hadi leo, ila tumekubaliana kwamba neno kama hilo lisiandikwe katika karatasi itakayosomwa na watu wa nje mpaka ukoo wenyewe umeridhia.

Kuhusu namna ya kuuliza, tuliisoma habari ya Mmarekani Alex Haley, aliyetoa kitabu chake *Roots* mwaka 1976. Alikwenda Gambia, katika kijiji cha Juffure, akasimuliwa habari za babu yake aliyechukuliwa utumwani. Dunia nzima ilishangilia. Mwaka 1981 mwanahistoria Donald Wright alionyesha kwamba msimulizi yule hakuwa mjuzi wa nasaba aliyefunzwa kazi hiyo, na kwamba watu walikwisha kujua mgeni anatafuta jibu gani. Basi katika kikao chetu hatumwulizi mzee, "Je, babu yenu alikuja na Rumaliza?" Twamwuliza, "Babu yenu alifikaje hapa?", kisha tunanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kwa walimu.

Hata nasaba za wafalme hazikosi mashaka. Majina manne tuliyoyataja mwanzoni yalirudiwa kwa zamu, na wanahistoria wamebishana kama zamu hiyo ilizunguka mara mbili au mara nne, yaani kama wafalme walikuwa wanane au kumi na sita. Ikiwa nasaba iliyotunzwa na watu wa ikulu ina tatizo hilo, ukoo wa fundi cherehani usione haya kwa pengo lake.

Tarehe nazo zina hila. Baadhi ya koo zimehifadhi msahafu au kitabu cha dini ambacho katika kurasa zake tupu mababu waliandika kwa herufi za Kiarabu siku za kuzaliwa watoto. Mwaka 1330 ulioandikwa hapo ni wa Hijra, nao ulianza Desemba 1911. Mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku kama 11, hata mzee wa miaka 66 kwa hesabu hiyo ana 64 kwa hesabu ya Miladi. Asiyejua kuandika alihesabu kwa matukio: kuingia kwa Wabelgiji, kupanda kwa maji ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuuawa kwa Louis Rwagasore tarehe 13 Oktoba 1961. Na majina ya miji yameshabadilika: barua iliyotoka Albertville ilitoka Kalemie, na Kitega ya zamani ndiyo Gitega.

Limebaki la kusemwa juu ya madarasa yetu. Nchi hii ilipita mauaji ya 1972, na mengine yaliyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Machi 1995 mapigano yalifika Buyenzi na Bwiza, na wakazi wengi wakakimbilia Uvira. Mwalimu akiwaambia wanafunzi wote walete mti wa ukoo uliojaa, mmoja ataleta karatasi yenye jina la nyanya yake peke yake, na wenzake wataiona. Kwa hiyo sisi tumeacha kuuita mti. Mwanafunzi huandika habari za mtu mmoja tu wa ukoo wake, yeyote amtakaye, aliye hai au aliyefariki: alizungumza lugha gani, alifanya kazi gani, alikaa barabara ya ngapi. Karatasi hizo huzisomi kwa sauti isipokuwa mwenyewe ameomba.

Zile tulizoruhusiwa kuzihifadhi tumezinakili mara mbili, nakala moja ikabaki kwa ukoo. Nyingi zaidi ya tulivyotarajia zinahusu mabibi, na majina ya mama zao yamo. Wale mabibi huyakumbuka kwa habari za arusi: nani alimpeleka nani, kwa mahari gani, na nani alipika. Tumepanga sasa kwenda Rumonge kuwauliza huko juu ya arusi hizohizo.