Tanuri, Chandarua na Chuo Kikuu: Historia ya Utafiti Bukoba na Muleba

Kwa muda mrefu wasomi wa kikoloni walifundisha kwamba Mwafrika hakuwa na sayansi, na kwamba elimu ya juu ililetwa na mgeni. Historia ya Bukoba na Muleba inakanusha kasumba hiyo. Lakini pia inatuuliza swali ambalo kada hawezi kulikwepa: elimu inayotokana na ardhi na jasho la wananchi ni mali ya nani?

Tuanze na Chuo chenyewe. Oktoba 1961, Chuo cha Dar es Salaam kilianza kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikifundisha sheria peke yake. Hakikuwa na jengo lake. Kilihifadhiwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na tarehe 1 Julai, 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Taifa.

Wakati huohuo, mwaka 1969 na 1970, Mmarekani Peter Schmidt alikuwa akichimba Katuruka, karibu na Bukoba. Waliomwongoza ni wazee. Walimwonyesha mahali penye mti wa kale paitwapo Kaiija, ambapo masimulizi yao yalipataja kuwa ni pa wafua chuma, na kupahusisha na mfalme Rugomora Mahe. Ardhi ilipochimbwa, yalionekana mabaki ya kuyeyushia chuma yenye umri wa miaka zaidi ya 2,000.

Mwaka 1976 wazee walijenga upya tanuri la jadi na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery wa Chuo Kikuu cha Brown waliandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa ukanda huu walitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa hewa iliyopashwa moto kabla ya kufika katikati ya tanuri. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo ya hewa; ukale wa ufundi wenyewe haukukanushwa. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha akiolojia, Schmidt akiwa miongoni mwa waanzilishi. Hapo ndipo vijana wetu walipoanza kuisoma historia hii nyumbani.

Muleba inatupa mfano wa pili. Mbu wa huko walikuwa sugu kwa dawa ya vyandarua vya kawaida. Kuanzia 2014, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wa chuo cha udaktari cha KCMC Moshi na wa London walijaribu vyandarua vilivyoongezwa kemikali iitwayo PBO, inayovunja usugu huo. Gharama zililipwa na Uingereza. Baada ya miezi 9, katika kila watoto 100 waliotumia vyandarua vipya, 29 walikuwa na vimelea vya malaria. Kwa vyandarua vya kawaida walikuwa 42. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo. Jibu lililopatikana kwa watoto wa Muleba likawa kinga kwa watoto wa nchi nyingine.

Fundisho ni moja. Mara zote mbili wananchi walitoa maarifa, ardhi na hata damu ya watoto wao kwa vipimo. Fedha zilitoka nje. Na anayelipa gharama za utafiti ndiye kwa kawaida anayechagua swali la kuulizwa.

Mwaka 2021 Taifa lilipata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya mradi wa elimu ya juu, HEET. Tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Itahwa, Bukoba, limo katika mpango huo. Mkopo ni deni, na deni hulipwa na mkulima wa kahawa na migomba. Kwa hiyo hatuna budi kulipima tawi hilo kwa maswali yatakayoulizwa ndani yake, siyo kwa wingi wa maghorofa. Chuo kilichoanzia katika jengo la kuazima kilifika Mlimani. Jengo zuri lisilouliza swali la mkulima litabaki kuwa deni tu.